Ulale wapi ukipanda feri ya Alaska na pikipiki: hema la deki, solariamu, viti vya ndani au kabini

Ukishaamua pikipiki yako itafika Alaska kwa maji badala ya kukanyaga barabara yote ile, kuna sehemu moja karibu kila mtu anakwama, nayo ni kulala. Nafasi ya pikipiki umepata, nauli yako ipo, halafu unaulizwa unataka kabini au hutaki, na wakati huohuo umeshasikia kuna watu wanasimamisha hema juu ya meli kabisa, wanaligandisha chini kwa tepu, wanalala hapo mpaka wanafika bila kulipia malazi hata senti. Ni kweli. Feri za jimbo la Alaska, Alaska Marine Highway, zinafanya kazi tangu 1963 na kulala deki ni jambo la kila siku huko, baharia anapita pembeni ya hema lako wala hageuki. Ila mwenye pikipiki ana mambo yake ambayo mwenye gari hana, hana mlango wa kufunga na kuacha vitu ndani, hana kiti cha kujilaza akichoka, na akishuka tu anakutana na baridi na mvua mwili mzima. Kwa hiyo hizi sehemu nne za kulala nitazipima kwa macho ya mtu wa pikipiki.

Tuongee njia moja ili tusichanganyane, Bellingham jimbo la Washington kupanda kaskazini mpaka Haines au Skagway. Meli kwa kawaida inaondoka Ijumaa jioni, Ketchikan iko kama masaa 38 mbele, baadae zinafuata Wrangell, Petersburg na Juneau, na mpaka Haines au Skagway hesabu siku 3 hivi. Miji hiyo miwili ya mwisho ndo ya kwako, maana Ketchikan, Wrangell na Petersburg ziko visiwani na Juneau, pamoja na kwamba ni makao makuu ya jimbo, haina barabara ya kuitoa kwenda popote. Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa kwa hiyo bahari inatulia vizuri, isipokuwa sehemu chache, hasa kipande cha Queen Charlotte Sound ukishapita kisiwa cha Vancouver, hapo kuna masaa kadhaa mawimbi ya bahari kuu yanaingia na meli inayumba kweli.

Vitu vya kupimia

Mi napima vitano. Usingizi, yani unalala kiasi gani na nini kitakuamsha. Hali ya hewa, mvua upepo na baridi vinakufikia vipi. Gharama. Mzigo, kwa sababu ukishapandisha pikipiki deki ya magari inafungwa na huruhusiwi kushuka kule meli ikiwa inatembea mpaka watangaze muda maalum, na huo muda ni mfupi, kwa hiyo kila kitu utakachohitaji lazima upande nacho mkononi na uwe na pa kukiweka. Cha tano ni asubuhi ya kushuka, na hiki mi nakipa uzito kuliko vyote vinne, nitaeleza kwa nini.

Ukishuka Skagway, barabara inapanda kutoka usawa wa bahari mpaka mita 1,000 hivi ndani ya kilomita 23 tu. Ukishuka Haines una kama kilomita 245 mpaka Haines Junction, unapita mlima wenye baridi hata Julai, na katikati kuna mpaka wa Kanada ambao haukai wazi masaa 24. Meli nayo haina adabu ya saa, inaweza kukushusha saa nane mchana au saa nane usiku kutegemea ratiba na maji. Sasa mtu ambaye hajalala vizuri usiku tatu, begi lake la kulalia lina unyevu, glavu zimelowa, akashuka saa kumi alfajiri kwenye mvua akaanza kupanda ule mlima, huyo yuko kwenye hatari ambayo dereva wa gari haijui. Kabla ya kuuliza kipi ni bei rahisi, angalia kwenye tiketi unashuka saa ngapi na siku hiyo unaendesha kilomita ngapi.

Pikipiki kwanza

Hii inahusu wote, hata wa kabini. Nenda na mikanda yako ya kufungia, minne, ile ya kukaza kwa kuvuta ama ya ratcheti, usitegemee utaikuta melini. Utaongozwa mpaka kwenye kona au pembeni ya ukuta, chini kuna sehemu za chuma za kufungia. Ingiza gia ya kwanza, weka stendi ya pembeni, usukani usiufunge na loki. Mbele funga kwenye ile sehemu ya chini inayoshika foku, zile nguzo mbili za tairi la mbele, usifunge kwenye usukani wenyewe kwa sababu unageuka na ncha zake zinapinda, kaza pande zote mbili kidogo kidogo mpaka shokapu za mbele zibonyee kama theluthi, usizibane mpaka mwisho, sili zitaanza kuvuja. Nyuma mikanda miwili ya kuzuia isiyumbe. Breki ya mbele ibane na kamkanda kadogo ka raba ikae imeshikwa muda wote. Pale mkanda unapogusa rangi weka kitambaa, mi natumia soksi nzee.

Halafu zima alamu. Hii watu wanaisahau sana, mtetemo wa meli unaiwasha, inalia masaa mawili matatu hakuna wa kushuka kuizima, unafika betri imekufa. Na ukipata ule muda wa kushuka deki ya magari usiutumie kutafuta soksi, kwanza shika kila mkanda uone kama umelegea, kwa sababu pikipiki inacheza kwenye shokapu zake na mkanda uliokaza vizuri Bellingham unaweza kuwa umelegea kabla hujafika Ketchikan.

Rampu nayo, lile daraja la kupandia na kushukia meli, iangalie. Kule maji yanapanda na kushuka mita kadhaa kwa siku, kwa hiyo kuna saa rampu iko karibu tambarare na kuna saa inateremka kama mlima, chuma kimelowa. Taratibu, gia ndogo, bila kugusa breki ya mbele kwa nguvu.

Hema kwenye deki ya wazi

Usingizi. Sauti ya injini inakuja kutoka chini kupitia chuma, unaisikia mgongoni zaidi kuliko masikioni, na baada ya usiku wa kwanza wengi wanaizoea mpaka inawalaza. Kinachosumbua ni taa, za deki zinawaka usiku kucha, na juu ya hiyo mwishoni mwa mwezi wa sita huko Juneau jua linazama baada ya saa nne usiku na linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Kitambaa cha macho ni lazima. Halafu kila bandari kuna matangazo, kuna minyororo, kuna watu wanapita. Ukishaingia hemani unakuwa na faragha yako lakini, unabadilisha nguo, unalala unavyotaka, hilo solariamu (ile sehemu ya juu yenye paa, inakuja hapa chini) na viti vya ndani havina.

Hali ya hewa. Hapa ndo pa kukaa na kufikiri vizuri. Hizi meli kubwa zinatembea noti 16 mpaka 17, yani kama kilomita 30 kwa saa, maana yake hata siku ambayo hakuna upepo wewe una upepo wa kilomita 30 kwa saa usiku na mchana, na ukikutana na upepo wa mbele unajumlisha. Ketchikan inapata mvua zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, usiende ukidhani siku tatu zitapita kavu. Usiku wa kiangazi ni nyuzi 10 hivi, ukiongeza ule upepo mwili unasikia chini ya hapo.

Hema lazima liwe la kusimama lenyewe kwa fito zake, la kuba, fupi. Vigingi huna pa kuvipigilia, chini ni chuma. Na hapa niwaambie kitu nilichojifunza kwa magoti, ile rangi ya deki ina chembechembe kama mchanga ili watu wasiteleze, na tepu haipendi mchanga. Mara ya kwanza nilibandika haraka haraka kwa sababu wenzangu walikuwa wameshamaliza, deki ina unyevu wa jioni, na usiku nikaamka kona moja inapiga pa pa pa kama bendera, tepu imebaki inaning'inia kwenye hema, gundi yote imeshika mchanga na maji. Tangu hapo nafanya hivi. Nafuta kila kona kwa kitambaa kikavu, naweka tepu ya kijivu pana, ile ngumu ya nyuzi, kipande kirefu kinapita ndani ya kitanzi cha kona, halafu vipande viwili juu yake kwa msalaba, halafu nasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka naona chembechembe za deki zimejichora juu ya tepu, hapo ujue imeshika. Kona ya upande wa upepo weka begi la vifaa vya pikipiki ndani, lile lenye spana, na buti kona ya pili. Mlango uelekee nyuma ya meli. Kamba za pembeni funga tu pale wanapokuruhusu, kamwe zisikatize njia wala zisikaribie vifaa vya kuokolea.

Na mabaharia wakisema shusha, shusha. Upepo ukizidi wanakwambia, na wanajua.

Gharama. Huongezi kitu juu ya nauli yako na ya pikipiki. Shawa za abiria wote zipo, maji ya moto yapo kafeteria. Jiko la kambi usiliwashe, moto wa aina yoyote juu ya meli hauruhusiwi, na gesi au mafuta ya akiba unatakiwa kuyatangaza wakati wa kupanda.

Mzigo. Wa kutosha tu, hema lenyewe linakuwa stoo. Ila halifungwi kwa ufunguo, pasipoti na pesa zikae mwilini.

Asubuhi ya kushuka. Hapa hema linakuwa na mzigo wake. Lazima libandulike, tepu yote uitoe deki wasibaki wakiikwangua wao, likunjwe likiwa limelowa, liingie kwenye begi, halafu ukimbie chini kufungua mikanda minne huku magari nyuma yako yameshawasha injini. Mi nahesabu dakika 40 za hema peke yake. Na hilo hema lililolowa ndo utalalia usiku unaofuata huko bara.

Solariamu

Hii ni ile sehemu ya juu kabisa nyuma ya meli, ina paa, ina kuta za kuona nje pembeni, upande wa nyuma uko wazi, na darini kuna hita za umeme zinawaka nyekundu kama makaa. Kuna viti virefu vya plastiki vya kujinyoosha, unatandika mfuko wako wa kulalia juu yake basi. Wazee wa hizi meli wengi wanalala hapa na ukiwauliza kwa nini hawana maneno mengi, wanakuonyesha ile hita.

Usingizi. Mzuri kuliko watu wanavyodhani, hewa safi kichwani na joto kwa juu. Kuna watu wanakoroma, kuna watoto, kuna mtu atakuja na gitaa. Vizibo vya masikio. Ule uwazi wa nyuma unakupa kitu ambacho kabini haina, unalala ukiwa unaangalia mkia wa meli ukichora mstari mweupe majini na milima inarudi nyuma taratibu. Meli ikiingia Wrangell Narrows usiku inuka uone. Ni mfereji wa kilomita 35 hivi, kuna sehemu upana wake haufiki mita 100, na meli kama Columbia ina urefu wa mita 127, inapinda kulia inapinda kushoto katikati ya taa nyekundu na kijani zilizo karibu mpaka unasikia harufu ya miti. Mi sijawahi kujuta kuamka kwa hiyo, na usiku huo wa kabini wengi wanaupitisha wamelala.

Hali ya hewa. Mvua ya kawaida haikufikii. Mvua inayokuja kutokea nyuma inaingia mpaka safu ya viti vya mwisho, kwa hiyo chagua kiti cha katikati chini ya hita, usikae mdomoni kabisa. Hita inapasha upande mmoja tu wa mwili, mgongo unabaki na baridi ya plastiki, kamkeka ka povu chini kanamaliza hiyo shida.

Gharama. Sawa na hema, hakuna. Unachokilipia ni kuwahi. Bellingham watu wakiruhusiwa kupanda wanaenda moja kwa moja juu kushika viti, na mwenye pikipiki yuko chini bado anakaza mikanda. Kama mko wawili mmoja abaki na pikipiki mwingine apande na mifuko miwili ya kulalia. Kama uko peke yako kubali utapata kiti kilichobaki, usiache mkanda umelegea kwa sababu ya kiti.

Mzigo. Uko chini ya kiti chako, watu wote wanauona. Kwa kawaida watu wa hapo wanalindiana, lakini kinachouma kukipoteza kifunge kwenye kabati la kufunga au ulale nacho.

Asubuhi ya kushuka. Hapa solariamu inashinda hema mbali sana. Unakunja mfuko wa kulalia, mkavu, dakika tano umemaliza. Na jambo moja zuri, usiku ile hita inakaushia glavu na soksi ukizitundika kwenye mgongo wa kiti, usiziweke karibu na hita yenyewe.

Viti vya ndani

Kuna kumbi za ndani zenye viti vya kulaza mgongo kama vya basi la safari ndefu, na watu wengine wanatandika chini katikati ya safu.

Usingizi. Wa kushtuka shtuka. Shingo inauma, sauti za watu zinazunguka, lakini giza lipo kidogo na upepo haupo. Hali ya hewa. Hapa hakuna la kusema, uko ndani, pakavu pana joto, na siku ya Queen Charlotte Sound meli ikiyumba utafurahi uko katikati ya meli na sio juu nyuma, kwa sababu kadri unavyokuwa juu na mwishoni ndo unayumbishwa zaidi. Gharama. Hakuna. Mzigo. Nafasi ni ndogo, buti na helmeti na koti vinakuwa chini ya miguu ya jirani, omba radhi mapema. Asubuhi ya kushuka. Uko mkavu na uko karibu na ngazi, ila mwili umekakamaa. Kabla hujakaa kwenye pikipiki tembea deki mizunguko mitatu minne, zungusha mabega.

Kwa usiku mmoja viti vinatosha kabisa. Kwa usiku tatu mfululizo mi siwezi kumshauri mtu ambaye siku ya nne anaendesha siku nzima.

Kabini

Usingizi. Wa kweli, giza, mlango unafungwa, kitanda ni kitanda. Zile zisizo na dirisha ni giza totoro hata saa sita mchana, na kule ambako usiku wa kiangazi ni mfupi hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Matangazo utayasikia, milango ya chuma utaisikia, lakini usingizi unarudi.

Hali ya hewa. Haikuhusu. Mwenye kichefuchefu cha bahari lakini aelewe kwamba kulala kwenye kachumba kasiko na dirisha meli ikiwa inayumba kuna watu kunawazidishia, macho yakiona upeo wa bahari kichwa kinatulia. Mwenye tatizo hilo achukue kabini ya dirisha au kile kipande cha bahari kuu akipitishe nje.

Gharama. Kabini inalipiwa juu ya nauli, na bei yake ni ya chumba, haihesabiwi kwa kichwa. Hapo ndo hesabu inabadilika. Mkiwa wanne wa pikipiki nne mkachukua kabini ya vitanda vinne, mgao wa kila mmoja unashuka sana. Ukiwa peke yako unaibeba yote. Na zinaisha mapema kiangazi, mara nyingi nafasi ya pikipiki inapatikana na kabini hakuna, kwa hiyo hili sio jambo la kuamua wiki ya safari. Meli ya Kennicott ina pia vile vyumba vidogo vya watu wawili ambavyo viti vyake vinageuka kitanda, ni katikati ya kiti na kabini, vinafaa kuvikumbuka.

Mzigo. Hapa hakuna mpinzani. Helmeti, buti, koti, begi la juu ya tenki, kamera inachaji, vyote ndani na mlango umefungwa, unazunguka meli mikono mitupu.

Asubuhi ya kushuka. Umelala, umeoga, nguo zimekauka. Kosa ninaloliona kwa watu wa kabini ni kusambaza vitu chumba kizima halafu tangazo la madereva kushuka linakuta chaja iko ukutani na soksi ziko bafuni. Panga usiku.

Kitu ambacho kabini inakunyima ni watu. Kule juu ndo utakutana na aliyetoka Haines Junction wiki iliyopita akakwambia kipande gani kinatengenezwa na ni kokoto tupu, ambapo mafuta yako mbali, ambapo dubu wanakaa pembeni ya barabara. Kwa hiyo ukichukua kabini iwe ya kulalia, mchana panda solariamu ukae na watu.

Kulingana na hali yako

Unashuka alfajiri au usiku na siku hiyohiyo unataka kuvuka mpaka na kwenda mbali: kabini, na kama imekosekana basi solariamu. Hema usilichague kwa siku kama hiyo, au likunje jioni ya siku ya mwisho, ulale usiku huo kwenye kiti cha solariamu ama ndani, asubuhi uwe na begi tu. Hii ya kukunja jioni ya mwisho mi naifanya kila safari saa hizi, hema linapata muda wa kukauka likitandazwa chini ya paa na mimi napata usingizi bila kuwaza tepu.

Unashuka mchana na usiku huo unalala palepale mjini Haines au Skagway: hema ni zuri sana, hata likilowa una jioni nzima ya kulikausha.

Uko peke yako, pesa ni ya kuhesabu, una mfuko mzuri wa kulalia lakini hujawahi kulala hema kwenye upepo: solariamu. Beba na kahema kadogo kama unataka, ukikuta viti vimejaa una pa kwenda.

Mko watatu au wanne: pigeni hesabu ya kabini mapema kabla hamjasema ni ghali, na hata mkichukua, mmoja wenu anaweza kulala juu usiku wa Wrangell Narrows akaja kuwaamsha wengine.

Wawili wapenzi wanaotaka faragha bila gharama: hema, liwe la watu watatu ili mizigo ya wawili iingie, lakini fupi.

Una mgongo mbovu, umri umesogea, au umetoka kuumwa: kitanda, usijibishane na mwili. Viti vya ndani kwako viwe vya akiba tu.

Safari yako ni ya usiku mmoja, mfano unapanda Ketchikan kwenda Juneau: popote pale ni sawa, viti vya ndani havina ubaya, na kubandika hema kwa usiku mmoja ni kazi nyingi kuliko faida isipokuwa unalipenda tu hema lenyewe.

Unasafiri mwezi wa tano mwanzoni au wa tisa: baridi ni nyingine na giza linarudi mapema, hema liwe la mtu mwenye vifaa vya baridi kweli. Solariamu bado inafaa, ongeza kofia ya sufi.

Na yoyote utakayochagua, kabla hujapanda ngazi kutoka deki ya magari simama hapo dakika moja, sukuma pikipiki kwa nyonga kulia na kushoto. Ikiinuka kidogo kwenye stendi rudi ukaze, baada ya hapo mlango utafungwa.